Boti ya Daktari wa Meno

Mama Pacha alikubali kwenda kuiona boti kwa sababu moja tu: aikatae mbele ya mashahidi, mambo yaishe. Mumewe, aliyeendesha treni tangu ujana hadi kustaafu, alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa boti. Kila Jumamosi alitoka na dalali kwenda kutazama nyingine, akarudi ananuka dizeli na kusifia. Pacha wao, ambao sasa walikuwa na familia zao, walishika upande wa baba. Mama alibaki peke yake, na hoja yake ilikuwa moja: yeye si samaki.

Tena alikuwa mtu wa kukosa usingizi. Uuguzi wa zamu za usiku ulimzoesha kukesha, na kustaafu hakukumponya. Alilala usingizi wa mang'amung'amu, paka akipita nje anasikia.

"Mtu asiyelala kwenye godoro lake mwenyewe, Baba Pacha, utamlaza juu ya maji?"

"Twende ukaione tu, mke wangu. Kuona si kununua."

Dalali aliwapokea gatini. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye maneno yasiyokauka, na bandari nzima ilimwita Chiriku. Siku hiyo lakini alishusha sauti.

"Mzee wangu, mama yangu, nisikilizeni. Mwenye boti ni daktari wa meno mstaafu, na wateja ameshawang'oa watatu kama magego. Mmoja alisema atabandua mbao za sitaha aweke plastiki. Mwingine aliuliza televisheni itakaa wapi. Wa tatu alizima sigara kwenye ukingo wake. Nawaomba, tuchunge ndimi. Mdomo uliponza kichwa."

Boti ilikuwa imefungwa mwisho wa gati, nyeupe, ya mbao tupu, pua yake imesimama wima kama za zamani, na kibanda cha usukani kina rangi ya asali. Iliundwa kabla Mama Pacha hajaolewa. Shaba zilimeta. Kamba zilikuwa zimeviringwa sitahani kama vikapu vinavyoanza kusukwa.

"Chema chajiuza," Chiriku alisema, uzalendo ukiwa umemshinda.

"Kama kinajiuza, wewe nakulipia nini?" sauti ilijibu kutoka ndani. Daktari akatokeza, mwembamba, amevaa aproni, kitambaa mkononi. Akawatazama miguuni. "Viatu."

Wakavua.

Baba Pacha alipoteremka kwenye chumba cha injini, ndiyo ikawa basi tena. Injini ilikuwa kuukuu lakini safi kama sufuria ya bi harusi. Wazee wawili wakachuchumaa pale chini, wakiulizana habari za mafuta na mikanda, mpaka Mama Pacha akachoka kutazama visogo vyao. Waliporudi juu, daktari alishika usukani wake na kumgeukia mgeni.

"Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nani atakuja kukausha sitaha?"

"Mimi," alisema Baba Pacha.

Kicheko kilimtoka Mama Pacha kabla hajakizuia. "Huyu? Daktari, huyu tangu anioe hajakausha hata kikombe!"

Chiriku alifumba macho. Baba Pacha alimtazama mkewe kama mtu aliyesukumwa majini. Kazi iliyomleta Mama Pacha ilikuwa imekwisha kwa neno moja; kilichobaki ni daktari kusema asanteni kwa kuja. Lakini alipouona uso wa mumewe, roho ilimsuta.

"Ila treni yake," akaongeza haraka, "hiyo aliifuta kila asubuhi. Kwa leso zangu! Mimi nazitafuta kabatini, kumbe ziko relini."

Daktari hakucheka. Alimwangalia Baba Pacha kitambo. "Haya. Tukaijaribu."

Chiriku alikuwa ameshashuka gatini. "Mimi kazi yangu kuuza boti," alisema. "Sijasema nazipanda. Nchi kavu ikisogea kidogo tu, chai ya asubuhi inaomba njia."

Mama Pacha hakutaka kuiona nchi kavu ikisogea yeye pia, kwa hiyo alishuka kwenye chumba cha kulala. Kulikuwa na kitanda chembamba ubavuni, dirisha la duara, na blanketi lililonukia sabuni. Alijilaza kidogo asije akaanguka. Mngurumo wa injini ulipita kwenye mbao ukamwingia mgongoni, wa chini, wa taratibu. Boti ikayumba, ikarudi. Akawaza kwamba akihesabu zile parafujo za dirishani atajua muda umekwenda kiasi gani.

Alipofumbua macho, injini ilikuwa imezimwa na shavu lake lilikuwa limelowa mate. Wanaume wawili walisimama mlangoni, na nyuma yao kichwa cha Chiriku.

"Tumefika wapi?"

"Tumekwenda na tumerudi," mumewe alinong'ona, kama mtu aliye wodini. "Umekoroma mpaka daktari akashuka kukagua injini."

Daktari alikuwa anakunja kile kitambaa chake. "Mama, boti hii nimeitunza tangu nikiwa na nywele. Sasa mgongo umegoma kuinama. Waliokuja wote waligonga mbao na kupiga picha. Hakuna aliyelala." Akamgeukia dalali. "Chiriku, andaa karatasi zako."

"Ngojeni kwanza," alisema Mama Pacha. "Mimi sijasema ndiyo."

Yeye akalivuta blanketi mpaka magotini.

"Hili linabaki?"

"Linabaki."

"Basi aandae."

Walivutana bei kwa adabu, Chiriku akipeleka maneno huku na kuyarudisha huku, mpaka kila upande ukaridhika. Mkaguzi waliyemwita alipoipandisha boti nchi kavu na kuigongagonga kwa nyundo, aligundua ubao mmoja uliolainika karibu na tezi, kule nyuma. Daktari alipokea habari hiyo kama mzazi aliyeitwa shuleni. Aliubadilisha kwa gharama yake, na hakutaka kusikia neno.

Siku ya makabidhiano alitoa funguo, akaaga, kisha hakuondoka. Alikagua fundo la kamba ya gatini. Akalikagua tena. Mama Pacha alikuwa ameona ndugu wengi wa wagonjwa wakisimama hivyo mlangoni mwa wodi, wakitafuta cha kusahau ili wapate kurudi.

"Daktari, panda. Chai inapoa."

"Mimi nimeshauza, mama."

"Umeuza boti, hujauza miguu. Panda."

Akapanda. Walipotoka bandarini Baba Pacha alishuka kuisikiliza injini yake, naye Mama Pacha akajikuta ameshika usukani, daktari akiwa kando yake na kikombe mkononi.

"Kushoto kidogo," alisema daktari.

Mama Pacha akakata kulia. Pua ya boti ikayumba, kijiko kikadondoka.

"Kushoto kwingine," daktari alisema kwa upole, akaendelea kunywa.

"Nani anaendesha huko juu?" Baba Pacha alipaza sauti kutoka chini.

Mama Pacha alikuwa ameuma ulimi, akiirudisha boti njiani, na maji mbele yake yalikuwa meupe kwa jua.