Ukuta Usio na Chumvi

Ulipita mtaa wa Anfushi, ukauona ukuta wa Bi Bahiga umelowa, ukageuza uso kutazama bandari.

Haji Zaghlul, mwenye nyumba, alikuja na amri ya kubomoa. “Bahari hiyo, mama. Iskandaria nzima inaliwa na chumvi.”

Bahiga hakumwamini. Bahari gani hii inayokula ukuta wa ndani tu, palipo na bomba la maji la Haji? Akaulamba.

“Umeanza kula nyumba, mama?” Haji akacheka.

“Lamba nawe, Haji. Tangu lini bahari ikakosa chumvi?”

Haji hakucheka tena. Bomba alikuwa amelitoboa mwenyewe, nyumba ipate kubomolewa.

Hivi hivi walibomolewa nyumba baba zetu, wakaambiwa ni bahari. Tingatinga linakuja kesho. Njoo leo, ulambe ukuta, usimame mlangoni na Bi Bahiga.