Dawa Haisomi Kalenda

Tangu mume wangu afariki, duka letu la dawa lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia friji ikiwaka na kuzima. Ng'ambo ya barabara, kwa Bei Poa, binamu wa mume wangu, foleni ilianzia kaunta ikashuka ngazi mpaka njiani. Jina hilo la utani kila mtu alilijua. Bei yenyewe ilitoka wapi, wachache walijua, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alinunua dawa zilizokwisha muda, akafuta tarehe kwa pamba na spiriti, akapiga mhuri mpya.

Jumatatu hiyo alikuja mwenyewe, akaegemea kaunta yangu, mkono juu ya boksi la vidonge vya presha vilivyokwisha muda mwezi uliopita.

"Shemeji, usivitupe hivi. Niuzie."

"Vimekwisha muda."

"Dawa haisomi kalenda." Akacheka. "Na marehemu kaka yangu alikuwa hivihivi, mgumu kama msumari. Ulimfaa nini ugumu wake? Fikiria. Napita saa kumi."

Ningependa kusema niliwahurumia wagonjwa wake. Si kweli. Nilimwonea wivu. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, hakuwahi kuuza kidonge asichoweza kukimeza yeye, akalala kitandani miezi kumi na minne, mgongo ukachubuka hadi mfupa ukaonekana. Bei Poa alizaliwa mwaka mmoja naye na sijawahi kumsikia akikohoa. Alipolinunulia kanisa spika, mchungaji alituomba tumpigie makofi. Nilipiga.

Nilivuta kigoda, nikaweka ndoo ya maji mbele yangu. Ndivyo tunavyoharibu vidonge: unavitoa kimoja kimoja kwenye karatasi zake, unavikoroga hadi viwe uji, unachanganya na mchanga, asije mtu akavifufua. Ila sikuvitumbukiza. Nilivirundika kwenye trei, nikawa bado naweza kubadili mawazo.

Kwa kuwa hapakuwa na mteja wa kuingia, niliomba kwa sauti, na niliomba kama mtu anayesoma ripoti. Huyu alikuwa mwaminifu, ameoza akiwa hai. Yule ni mwongo, ananenepa. Mimi nimenyooka miaka yote, nakula peke yangu. Nifanye nini tofauti, nipate alichopata?

Swali hilo nililisikia likitoka mdomoni mwangu. Sikuwa naomba haki. Nilikuwa naomba duka lake, na mimi ndani yake nikiwa yeye. Ningekuwa yeye, ningepata foleni, ila nisingepata tena wa kumwambia haya. Sijui kama nilijibiwa. Najua nilikuwa nimesema ukweli wote, na aliyekuwa akinisikiliza hakuondoka.

Nikainamisha trei. Vidonge vikazama.

Saa kumi Bei Poa aliingia, akatazama ndoo.

"Mh! Shemeji unapika supu?"

"Karibu kijiko."

Hakucheka. Aligeuka kutazama mlango, kisha akashusha sauti. "Unavyo vya presha ambavyo ni vizima? Vya mama. Kichwa kinamgonga tangu jana."

"Kwako vimejaa rafu nzima."

"Nimefuta tarehe zote," alisema. "Sijui tena kipi ni kipi."

Nilimtazama. Mtu mwenye duka kubwa kuliko langu mara tano hakuwa na kidonge kimoja cha kumpa mama yake. Nilitarajia kufurahi. Haikutokea. Nilichukua pakiti mpya, nikamwonyesha tarehe. Aliisoma, akaisoma tena, midomo ikicheza kama ya mtoto anayejifunza herufi.

"Na wale walio kwenye foleni yako, shemeji? Wao ni mama za nani?"

Alitia pakiti mfukoni.

"Una mpaka kesho asubuhi uwaambie wakaguzi wa dawa mwenyewe," nilisema. "Ukinyamaza, nitawaambia mimi."

"Utabaki peke yako mtaa huu, unajua?"

"Najua."

Alivuka barabara. Watu walimpisha wakimwita bosi, naye akawapungia mkono. Nilimwombea mama yake kwanza, kisha waliokuwa kwenye foleni, na mwisho yeye, ambaye jina lake halisi ilinibidi nilikumbuke.

Kisha nikachukua karatasi, nikaanza kuwaandikia wakaguzi barua ya kesho asubuhi, iwapo angenyamaza.