Damu Iliyoitwa ya Kawaida

Maabara yetu hapa Detroit ina desturi ya zamani: ukihitaji damu ya kawaida ya kulinganishia, unamkunjisha mkono wa shati aliye karibu, unamtoa damu. Kwa miezi minane aliye karibu nimekuwa mimi mwenyewe, Odessa, na nimechoka mpaka kwenye mifupa. Binti yangu Marvella ana mimba ya miezi minne, na mumewe amebeba kinasaba cha seli mundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huugua akiurithi kwa wazazi wote wawili. Marvella alipoulizwa kliniki kama naye apimwe, nilimwambia asijisumbue. Baba yake alipimwa jeshini, hana, na damu yangu ndiyo tunayolinganishia za wengine.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unachukua himoglobini ya mtu wa kawaida na ya mgonjwa wa seli mundu, unatia asidi ya mafuta, unaongeza tindikali kidogo kidogo, unatazama ipi inaharibika na kugeuka kahawia. Ya mgonjwa huwahi. Ya kawaida hustahimili. Yangu ilikuwa ikigeuka nusu njia, kila wiki, na profesa anayetuongoza alishaanza kunitazama vibaya.

"Mashine yako ya kupima tindikali imezeeka kama wewe," alinitania Wojtek, mwenzangu wa meza ya pili.

"Nimeirekebisha mara tatu tangu asubuhi. Hebu kunja shati, uache maneno."

Damu ya Wojtek ilibaki nyekundu. Mafuta yaleyale, tindikali ileile. Nikavuta kiti.

Nikaipitisha damu yangu kwenye kipimo cha umeme kinachotenganisha aina za himoglobini, kama tunavyozifanya za wagonjwa. Ikajigawa mistari miwili: mmoja wa kawaida, mmoja wa seli mundu. Wojtek aliiona, akaondoka bila utani.

Nikampigia Marvella.

"Kesho nenda ukapime damu, mwanangu. Na mimi nimebeba seli mundu."

"Si ulisema huna?"

"Nilisema."

"Kwani ulipima lini?"

"Leo."

"Mama, una miaka ishirini na sita ukifanya kazi humo maabarani."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilitamani anifokee. Hakunifokea. Aliuliza tu kliniki inafunguliwa saa ngapi, nikamwambia saa mbili, nikasema nitampitia.

"Usije," akasema. "Nitakwenda na mume wangu."