Safu ya Mulamula

"Nani kakutuma uweke mpaka kwangu?"

Eugenia alitoka mbio jikoni. Shemeji yake, Aristides, alikuwa ameinama pembezoni mwa kibanja cha migomba, anang'oa vipandikizi vya mulamula kimoja kimoja na kuvirusha juani.

"Mpaka gani tena, jamani! Ni maua ya watu hayo!"

Vilikuwa arobaini. Jana mchana kutwa alivikata na kuvichomeka chini ya migomba, kwa sababu banda lake la miche lilikuwa limejaa mawaridi hadi mlangoni. Nyumba ya wageni kule Rugu ilitaka mulamula wa kupamba njia, na yeye alichotafuta ni kivuli tu. Wala hakukumbuka, mjinga yeye, kwamba Kanoni nzima mulamula ukipandwa kwa safu maana yake ni moja: huku kwangu, huku kwako.

Tangu mumewe afe mwaka jana, Aristides alikuwa akitafuta sababu, na leo kampa yeye mwenyewe kwa mikono yake. Mjane anayesogeza mpaka, ukoo haumvumilii. Wangemrudisha kwao Bugomora na ndoo zake za samadi.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Nolasco, ambaye Aristides alikwisha kumpigia simu, alifika uji aliouacha Eugenia jikoni haujapoa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Ma Eugenia. Maua yako yamenikatiza chai."

"Heri wewe, mzee. Mimi yananikatiza maisha."

"Anakula ardhi ya ukoo!" Aristides alifoka. "Anajifanya fundi wa maua, kumbe anatumeza polepole!"

Mzee akaitazama safu iliyong'olewa nusu, akapumua kama mtu aliyechoka na watu wote. "Sawa. Mpaka wenyewe uko wapi?"

Kuulizwa tu kulimwongezea Aristides moto. Akaikanyaga safu, akaingia kwa hatua ndefu katikati ya mibuni ya ng'ambo, akaenda, akaenda, mpaka akasimama penye mbuni mmoja uliopinda.

"Hapa! Marehemu baba alisimama hapa hapa, mimi na kaka tunaona! Sisahau!"

Kisha akatupa jicho nyuma. Mibuni yote aliyokuwa ameipita, ile aliyoivuna kama yake tangu kaka yake azikwe, ilikuwa nyuma yake, upande wa Eugenia.

Eugenia alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kumtukana, akashindwa vilevile. Mwaka mzima amenunua kahawa ya kutafuna, na buni zake zinaanikwa uani kwa mwingine!

"Kumbe unapajua vizuri," Nolasco alisema. "Haya, panda wewe mwenyewe, tunakuona."

Aristides akarudi penye safu, akaokota kipandikizi kimoja, akaja kukididimiza ardhini penye mbuni ule kwa hasira, akakishindilia kwa kisigino.

Eugenia akasogea, akakitazama. Akajizuia, akang'ata midomo, lakini wapi.

"Shemeji, umekipanda kichwa chini. Penye mkato wa mshazari ndipo panapoingia udongoni. Hivyo kitaoza."

Akapiga magoti yeye, akakichomoa, akakigeuza. Udongo ulioloa ukaanza kuporomoka ndani ya shimo. Aristides akasita, halafu akachutama mbele yake, akaushikilia kwa vidole viwili.