Dirisha Linalotazama Hori

Umewahi kufika mji ambao nyumba zake zote kubwa zinatazama maji, na barabara ya magari zimeipa kisogo? Kama bado, njoo Kilwa Kivinje. Ukishuka kwenye gari utakutana na migongo ya nyumba: mabanda ya kuku, kamba za nguo, kuta zilizoota majani. Utasema, ndiyo hapa tu? Usiseme kitu. Zunguka mbele. Huko ndiko ziliko baraza na nguzo, na mbele ya baraza ndiko liliko hori letu.

Hori ni mkono wa bahari ulioingia mpaka mjini, mikoko huku na huku. Hapa zilipita pembe za ndovu, nta, sandarusi na ufuta kutoka bara, na nguo na tende kutoka ng'ambo. Walipita na watu pia, minyororo shingoni. Hilo nalo nawaambia wajukuu zangu, siliruki. Siku hizi wenzetu wa Kilwa Masoko wana gati na benki. Sisi tuna hori, na sijawahi kuwaonea wivu.

Basi mwaka jana, mwezi wa nane, siku ya pili ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, saa nne asubuhi, gari jeupe lilisimama nyuma ya nyumba yangu. Nimesema nyumba yangu, lakini ngoja nieleze vizuri. Nyumba hii ya ghorofa ni ya mzee Hasanali, aliyekuwa na duka la nguo chini na familia yake juu. Mwaka sabini na mbili walihamia Dar es Salaam. Siku ya kuondoka alimwita mama yangu, jirani yake, akampa ufunguo mkubwa wa chuma wa chumba cha juu. Akamwambia, "Mama Umi, hamieni humu. Mnitunzie mpaka tutakaporudi."

Tukahamia chini. Mama alipofariki, ufunguo akaniachia mimi. Chumba cha juu hatujalala hata usiku mmoja. Nakifagia kila Alhamisi, nafungua dirisha lake kubwa linalotazama hori, kinapigwa upepo, nafunga. Nyumba za wenzetu milango ya nakshi imeng'olewa ikauzwa, ikapakiwa kwenye malori. Yangu haijatoka hata msumari.

Kwenye gari alishuka mwanamume wa makamo, miwani ya jua juu ya kichwa. Akafungua mlango wa nyuma, akamshika mkono mama mmoja aliyevaa rida ya zambarau yenye lesi nyeupe, lile vazi la akina mama wa Kibohora. Mama yule akasimama ananitazama. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

"Umi," akasema, "mpaka leo ukichambua mchele unatoa ulimi nje?"

Ungo ulinitoka mkononi. Alifiya! Binti wa mzee Hasanali, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza.

"Wee Alifiya! Mbona umenenepa hivi?"

"Na wewe meno umempa nani?"

Tukakumbatiana hapo hapo, kuku wanakula mchele wangu, tunacheka huku tunalia. Yule bwana akaja, akainama. "Shikamoo, mama mkubwa. Mimi Munawar, mwanawe."

"Marahaba, baba. Karibuni nyumbani."

Nilipotamka lile neno nyumbani, ndipo moyo uliponigonga. Mpaka tutakaporudi. Haya, wamerudi.

Alifiya hata maji hakunywa. "Hori lipo?" akauliza.

"Litakwenda wapi?" nikamwambia. Nikawazungusha mbele.

Sasa, watu wa Dar kosa lao ni hilo, wanakuja kuangalia bahari bila kuuliza mwezi. Siku za bamvua saa nne asubuhi maji yamekupwa yote, yako mbali huko. Pale mbele ya baraza palikuwa na tope jeusi, mizizi ya mikoko imesimama kama vidole, na kaa wekundu wanakimbizana. Munawar akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama mkubwa, mimi Dubai nimefika mara mbili. Na wao wana hori katikati ya mji, wafanyabiashara huku na huku, kama hapa."

"Enhe?"

"Isipokuwa lao lina maji."

Mwanangu Abdurahmani, aliyekuwa anashona nyavu barazani, akacheka. Mimi sikucheka. "Saa tisa," nikamjibu, "baba, saa tisa uje hapa na hizo suruali zako. Nitakuuliza lina nini."

Alifiya alikuwa anaangalia lile tope kama mtu anayeangalia pilau.

Nikaingia jikoni kupika. Abdurahmani akanifuata, akasukuma mlango.

"Mama, yule bwana anapima nyumba."

"Anapima na nini?"

"Na simu. Ameielekeza ukutani, sasa anaielekeza kwenye ngazi."

"Simu nayo ina futi?"

"Za siku hizi zinayo. Mama, waulize wamefuata nini. Mimi nina watoto wanne wanaolala chumba cha pili, sijui kesho nitawalaza wapi."

"Hawajala."

"Mama!"

"Abdurahmani, hawajala. Mgeni anakula kwanza, ndipo anaulizwa. Bibi yako alinilea hivyo, na wewe nilikulea hivyo. Nikunie nazi."

Akakuna nazi kwa hasira mpaka akaanza kukuna na kifuu. Lakini na mimi, nisikudanganye, nilikuwa nakoroga huku nahesabu. Miaka hamsini na mbili nimeishi humu. Nimezaa humu, nimefiwa na mume humu. Hata hivyo nilikwisha kuamua, tena wakati vitunguu havijabadilika rangi. Nyumba ile ni amana. Wakiitaka, nitawapa ufunguo kwa mkono wa kulia, na chumba kikiwa kimefagiliwa. Hakuna atakayesema Umi alitolewa.

Niliwapikia wali wa nazi na uduvi wa kukaanga kwa embe bichi. Uduvi ni wale kamba wadogo kabisa, wadogo kama punje za mchele. Alifiya alipoonja tu alifumba macho.

"Huu wa hapa hapa?"

"Wa hapo mbele. Nimeutanda mwenyewe na jirani juzi."

Hapa lazima nikueleze kutanda, maana ndiyo kazi iliyonipa jina. Wanawake wawili mnachukua kanga kuukuu, kila mmoja anashika pembe mbili, mnaingia majini maji yanapojaa, yakifika magotini. Mnatembea pole pole, kanga imezama, halafu mnainyanyua kwa pamoja. Ukinyanyua mapema umepata maji. Ukichelewa umepata maji. Na uduvi hawakai mahali pamoja. Wanakwenda kundi zima kama wingu, na wewe uliye ndani ya maji ya tope huwaoni.

Mimi niliwaona. Tangu nina miaka tisa, mimi na mama hatukutoka kwenye hori mikono mitupu. Kivinje nzima wakaniita Umi Jicho. Mpaka kijijini Miteja walikuwa wanaulizana, uduvi huu wa yule mtoto Jicho? Jina hilo nimelivaa mpaka leo, na hakuna aliyejua siri yake ila mama, mimi, na mtu mmoja tu.

Mzee Hasanali alikuwa mtu mwema, lakini binti yake kukanyaga tope la hori alikataa katakata. Akitoka shule anapanda juu, anakaa dirishani na kitambaa chake cha kutarizi. Sasa ukiwa juu, lile wingu la uduvi unaliona waziwazi, doa la wekundu linatembea majini. Kupiga kelele hathubutu, baba yuko dukani chini yake. Basi Alifiya akawa anakining'iniza kile kitambaa. Akikining'iniza kushoto mwa dirisha, twende kushoto. Akikihamishia kulia, kulia. Akikivuta ndani, nyanyueni! Jioni mama anatia fungu la uduvi kwenye kikapu, Alifiya anakivuta juu kwa kamba, kinashuka na kashata.

Tulipomaliza kula na kupumzika, maji yalikuwa yameshaingia. Nikautoa ufunguo kwenye msumari wake, nikawapandisha juu wote, Munawar na simu yake, Abdurahmani na uso wake. Nikafungua mlango. Chumba kitupu, sakafu inang'aa, hakuna hata utando wa buibui. Alifiya akasimama mlangoni kama aliyeambiwa avue viatu, na kweli akavivua. Nikamfungulia dirisha.

Loo, natamani ungekuwepo. Hori lilikuwa limejaa kutoka mkoko hadi mkoko, maji ya kijani yanameta, mtumbwi mmoja umebeba ndoo za chaza, ndege weupe wamejipanga. Maji yamefika karibu na ngazi ya mawe ya baraza, pale pale yalipokuwa yakifika enzi za majahazi.

"Haya, baba," nikamwambia Munawar, "hori la Kivinje lina nini?"

Akaweka simu mfukoni. "Lina maji, mama mkubwa. Nisamehe."

"La Dubai linajua kuondoka na kurudi hivi?"

"Sijui. Sikukaa kulisubiri."

Alifiya hakutusikia. Alikuwa ameegemea dirisha, macho majini. Mara akatoa leso yake mkobani, akanyoosha mkono, akaining'iniza upande wa kulia. Nikachungulia. Kweli, doa lile, karibu na mtumbwi, linasogea kulia.

Sikuweza kujizuia. Nikawageukia wale wawili. "Mnaona? Umi Jicho ndiye huyu. Mimi nilikuwa miguu tu."

Abdurahmani akaduwaa. "Yaani miaka yote hiyo, mama?"

"Miaka yote. Usimwambie mtu. Au waambie, nimezeeka."

Halafu nikaona nisingoje zaidi. Wamekula, wameona. Nikaufuta ufunguo kwa ncha ya kanga, nikamnyooshea Alifiya kwa mkono wa kulia. "Baba yako alisema tutunze mpaka mtakaporudi. Mmerudi. Chumba ni hiki, na milango yote ipo. Mimi na wanangu tupeni wiki mbili tu za kuhamisha vyombo."

Alifiya akautazama ufunguo, akamtazama mwanawe.

"Munawar, ulimwambia nini huyu?"

"Sijasema kitu, mama! Nimepima tu. Tangu Dar unaniambia una jambo Kivinje, una jambo Kivinje, husemi jambo gani. Nikajua unataka nyumba ya babu, nikataka kujua ukarabati utakuwaje."

"Nani kakwambia nataka nyumba? Nina magoti ya kupanda ngazi hizi kila siku?" Akaukunja mkono wangu juu ya ufunguo, akaubana kwa mikono yake miwili. "Urudishe kwenye msumari wake, Umi. Alhamisi utautafuta."

Abdurahmani akatoa pumzi mpaka nikaisikia.

"Sasa jambo lenyewe ni lipi, mama?" Munawar akauliza.

Alifiya akaanza kukunja mikono ya rida yake, mmoja, halafu wa pili, mpaka juu ya viwiko. Mikono yenyewe myeupe, laini, mikono ya mtu aliyekaa dirishani. Akaivuta leso ndani, akamkabidhi mwanawe.

"Simama hapa. Ukiona doa jekundu limekwenda kushoto, ining'inize kushoto. Likija kulia, kulia. Usipige kelele."

Akanigeukia mimi, mashavu yamemwiva kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Umi, una kanga kuukuu? Tangu nina miaka tisa nawaangalia nyie mnatanda. Leo nataka nishike pembe mbili."