Kura ya Kukaza Nati

Beringi ya mashine ya kusaga ya kijiji chetu cha Machochwe si ya gololi. Ina roli fupi zilizolala mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, zinazozunguka ndani ya kikombe cha chuma. Ukishakaza nati yake unairudisha kidogo, ili shafti, mhimili unaozunguka ndani yake, ibaki na nafasi nyembamba ya kucheza. Chuma kikipata moto huvimba, na lazima kiwe na pa kuvimbia. Hayo nilifundishwa Musoma, na cheti ninacho.

Mwaka 1977 beringi ya zamani ilikwisha. Mpya tuliisubiri miezi minne, kina mama wakisaga kwa jiwe. Ilipofika, ilikuwa hiyo moja tu. Nikaifunga kama nilivyofundishwa. Mwenyekiti wa kijiji, Stanslaus, mtu mwema lakini hapitwi na jambo, akashika shafti akaitikisa.

"Fundi Nikodemo, mbona inacheza?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mwenyekiti."

"Kitu kipya kinacheza? Hii ni mali ya wote. Wataamua wote."

Ukaitishwa mkutano. Tulikuwa tumekwisha kupigia kura mipaka ya shamba na siku za palizi, nati ingetushindaje? Nilisimama kueleza. Mzee mmoja akauliza kama nataka mashine iharibike ili nionekane wa maana. Watu wakacheka. Niliona haya, nikakaa. Mwenyekiti alipouliza nani anataka nati ikazwe, mikono yote ilinyooka, na wangu pia.

Nikakaza mpaka shafti ikatulia. Wakapiga makofi.

Tulisaga siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilisikia harufu ya grisi inayoungua, na kabla sijazima injini shafti ikaganda. Nilipofungua, roli zilikuwa zimegeuka bluu na kushikana na kikombe. Stanslaus akasema tumeletewa beringi mbovu, wote wakakubali. Nami nikanyamaza tena.

Nyumbani nilimkuta mke wangu Boke amekwisha kulitoa jiwe. Viganja vyake vilikuwa bado na nyufa za ile miezi minne.

"Baba Mokami, wewe ulijua?"

"Nilijua."

Alipiga magoti, akamwaga ulezi juu ya jiwe. Heri angenitukana. Nikamwomba anipishe, nikapiga magoti mimi, pale pale uani ambapo kila apitaye anaona.

Stanslaus alipita, akasimama kushangaa mwanamume anasaga.

"Beringi ilikuwa nzima, mwenyekiti," nikamwambia. "Tuliiua sisi. Na mimi nilijua."