Cherehani Iliyofungiwa Stoo

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na Mzee Soli, maana yeye akiisimulia habari hii huniongezea ujinga ambao sikuwa nao, kana kwamba niliokuwa nao haukutosha. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara mwaka wa thelathini huu, na bado sikuona dalili.

Nyumba yetu ya wazee ina vyumba ishirini na vinne, jiko moja, veranda ndefu, na kila Jumamosi ina Gereji. Jina hilo nililitoa mimi, kwa kuwa nimekula miaka arobaini chini ya malori na sijui neno jingine la mahali pa kazi. Asubuhi tunatoa meza ndefu verandani, na watu wa mtaani wanaleta vilivyowashinda: redio iliyopoteza sauti, mwavuli uliovunjika mbavu, sufuria iliyong'oka mkono, viatu vilivyofunua midomo. Mwalimu mstaafu anakaa mwanzoni mwa meza akiandika tiketi kwa mwandiko wa ubaoni, na ukishindwa kueleza ugonjwa wa pasi yako kwa sentensi iliyonyooka, anakurudisha nyuma ya foleni. Mzee Soli, aliyekuwa fundi viatu, anashika viatu. Mimi nashika kila chenye skrubu, ndiyo maana wananiita Spana. Na kwenye kona yenye mwanga, nyuma ya cherehani ya kukanyaga, anakaa Bibi Sindano.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi, likamganda kwa ajili ya ulimi. Ameshona miaka hamsini: sare za wanafunzi, za wauguzi, za bendi nzima pamoja na mpiga ngoma mwenye tumbo. Ana miaka sabini na tisa, na akikutazama tu unajua kifungo gani kimelegea.

Basi Jumatano moja alinifuata bustanini nikimwagilia nyanya. Hakusema neno kuhusu nyanya zangu, nikajua kuna jambo.

"Spana, binti yangu anakuja Jumamosi kunichukua."

"Kukutembeza?"

"Kunichukua. Nikakae kwake moja kwa moja. Chumba kimeshapakwa rangi."

"Na wewe unataka?"

"Ningetaka ningekuja kukuambia wewe? Si ningekuwa nafunga nguo."

"Mwambie hutaki, basi."

Akachuma jani la nyanya, akalikunja mara mbili kama pindo. "Ni mtoto wangu wa pekee. Wateja wameniliza, kodi ya pango imeniliza, hata marehemu mume wangu aliniliza kabla hajafa, na wote niliwamudu. Machozi ya yule siyawezi. Akilia tu, nitabeba sanduku."

Nikamuuliza binti analalamikia nini hasa. Akasema safari iliyopita alimkuta amezama kwenye rundo la suruali za watu, akapiga kelele kwamba amemleta mama yake hapa apumzike, si aajiriwe.

"Shida yenyewe ndiyo hiyo?" nikacheka. "Akikukuta umepumzika atakuacha. Niachie mimi."

Hebu tazameni ufundi wangu. Mteja anasikia mlio kwenye injini, na mimi namshauri aongeze sauti ya redio.

Jumamosi hiyo Gereji haikufunguliwa. Cherehani, nyundo, makoleo, bisibisi zote, nikavisomba hadi stoo, nikafunga mlango na ufunguo nikautia mfukoni mwa ovaroli. Matroni, anayeisimamia nyumba yetu, akaniona nimepaka grisi mpaka masikioni.

"Mgeni anakuja, baba. Vua hiyo ikafuliwe."

Nikavua kwa furaha. Nikavaa tai ambayo mara ya mwisho niliivaa kumzika bosi wangu, na siku hiyo nilikuwa na furaha vilevile. Kisha nikawapanga wenzangu kwenye viti verandani, mstari mmoja, nguo za kutokea, mikono mapajani.

"Leo hakuna kubishana," nikawaonya. "Mtu akisema jua linachomoza magharibi, mwitikieni."

"Hata wewe ukisema?" akauliza Mzee Soli.

"Hasa mimi."

Binti alifika baada ya chakula cha mchana. Kazi yake ni bima, kwa hiyo akiona ngazi anaona mtu ameshaanguka. Akasimama chini ya veranda akatutazama, wazee tisa, kimya, kama mizigo inayosubiri mwenyewe.

"Shikamooni."

"Marahabaaa," tukaitikia kwa pamoja, darasa la kwanza kabisa.

Akamshika mama yake bega. "Mama, nani amefariki?"

"Hakuna, mwanangu. Tumepumzika tu."

"Wote?"

"Wote," nikasema mimi, na tabasamu langu la meno yaliyobaki.

"Leo hali ya hewa ni nzuri," akasema Mzee Soli.

"Nzuri sana," akasema Mwalimu.

"Sana," akamalizia Mzee Soli, mtu ambaye tangu nimjue hajakubaliana na Mwalimu hata kuhusu siku ya wiki.

Nzi akapita, tukamfuata kwa macho wote tisa. Nikamwona binti anamvuta Matroni pembeni, na kwa kuwa masikio yangu ndiyo kitu pekee mwilini ambacho bado kina waranti, nikasikia: "Mnawapa dawa gani hawa?"

Aliporudi macho yalikuwa yamejaa. Akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. "Mama, nisamehe. Sikujua kama ni hivi. Twende leo, leo hii. Nguo nitazifuata baadaye."

Bibi Sindano akanitazama. Sitaki kueleza aliitazamaje tai yangu. Mikono yake, ambayo haijawahi kukosa kitu cha kushika, ilikuwa inatetemeka juu ya mapaja, na binti akaiona, akaifunika kwa mikono yake, na chozi la kwanza likadondoka. Nikajua tumekwisha. Bibi Sindano akaanza kuinuka, na ilikuwa wazi kwamba anainuka kwenda kuchukua sanduku.

Hapo ndipo geti likafunguka kwa kishindo, akaingia muuza bucha wa mtaa wa pili, bwana wa kilo mia na ushei, ndani ya suti mpya nyeusi, ua jeupe kifuani. Alikuwa anatembea kiubavu kama kaa, mgongo ukifuata ukuta.

"Bibi Sindano!" akalia. "Nimeinama kufunga kamba za viatu!"

Hakuhitaji kuongeza neno.

"Gereji imefungwa leo, baba," akasema Matroni kwa upole.

"Yenu imefungwa, mama. Yangu imefunguka, na bibi harusi ameshapakwa wanja!"

Bibi Sindano alikuwa ameshasimama wima. "Ndoa saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Sasa ni saa nane na dakika kumi," akasema Mwalimu, na daftari la tiketi likatoka ndani ya koti la kutokea. Kumbe alikuwa amelificha.

"Geuka huku nikuone." Muuza bucha akageuka. Mshono wa nyuma ulikuwa umeachia kutoka mkandani hadi chini kabisa. Bibi akatikisa kichwa. "Aliyekushonea hii alikuwa na deni la usingizi. Vua. Matroni, kitambaa cha meza. Spana, cherehani!"

Nikatia mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa wa suruali ya kutokea, na ndani yake kulikuwa na pipi moja ya kikohozi.

Nililielewa jambo polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikaondoka mbio, mbio zangu mnazijua, na veranda nzima ikanifuata mpaka chumba cha kufulia. Pale, nyuma ya kioo cha mviringo, ovaroli yangu ilikuwa inapita na kupita ndani ya povu, na ufunguo ukigonga bati kling, kling, kling.

Mwalimu akainama akasoma namba za mashine. "Dakika hamsini na moja."

"Miaka arobaini chini ya malori," akasema Mzee Soli taratibu, akiyaonja maneno, "hakushindwa na gia, hakushindwa na breki. Ameshindwa na mfuko."

Amani yetu ikafa papo hapo. Huyu anasema chomoa umeme, yule anasema ukichomoa mlango wa mashine hautafunguka kabisa, mwingine anataka kioo kivunjwe, Mwalimu anagonga daftari akitaka watu wanyooshe mikono. Muuza bucha akasimama katikati amejifunga kitambaa cha meza chenye maua ya alizeti, akisema, "Wazee wangu, wazee wangu," kama mtu anayeaga dunia.

"Stoo ina mlango mwingine?" Sauti ilikuwa ya binti. Chozi lilikuwa limekaukia shavuni.

"Mmoja tu," nikasema.

"Bawaba zake ziko nje au ndani?"

Nikamtazama yule mtoto kwa heshima mpya. Ziko nje! Ila bisibisi na nyundo zangu zote zilikuwa zimelala ndani, kwa akili zangu mwenyewe. Mpishi akaleta mchi na kisu cha siagi. Nikapiga magoti na tai yangu, nikasukuma pini ya kwanza kwa kisu na kugonga kwa mchi, ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilikuwa na kutu; nikaiambia maneno ambayo malori yaliyajua, Matroni akaziba masikio, ikatoka. Mlango tukaubeba na kuulaza ukutani kama mgonjwa.

Cherehani ikatoka juu ya mikono minne. Bibi Sindano akakaa, akavuta kiti mbele kidogo, akaweka mguu. Nikaitazama mikono yake. Haikutetemeka hata kidogo. Binti naye aliitazama. Alikuwa amewasha tochi ya simu akimmulikia mama yake, na mwanga haukucheza.

Cherehani ikanguruma. Mara akakata uzi akaitupa suruali mezani.

Mzee Soli akaishika, akaisogeza karibu na pua. "Umepinda."

"Wapi?"

"Hapa, panapokaa uzito."

"Macho yako ndiyo yamepinda."

"Yangu yamepinda, na mshono umepinda. Akikaa karibu na mke wake utaachia tena, na safari hii kuna wakwe."

Bibi akaipokonya. Akavaa miwani. Akatazama kwa muda, akasonya, kisha akachukua wembe na kuanza kufumua mshono wote tangu juu.

"Bibi, muda..." akaanza muuza bucha.

"Wewe nyamaza. Nyama ukipima vibaya hurudishiwi?"

Mwalimu akatangaza saa nane na dakika arobaini. Bibi akashona upya, mishono miwili sambamba, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mzee Soli akaivuta kwa nguvu zote kama ngozi ya buti, miguu ameikanyagia ukutani. Mshono haukuachia.

"Sasa imekubali," akasema, akionekana amekasirika kidogo.

Muuza bucha akavaa.

"Inama," akaamuru Bibi.

"Bibi, nakuomba, nitainama kesho."

"Inama, tukuone!"

Akafumba macho, akainama mpaka vidole vikagusa viatu. Tukasikiliza, wote, kama watu wanaosikiliza redio ya matokeo ya mpira. Hakuna kilicholia. Matroni akapiga kigelegele ambacho sikujua anacho, mpishi akapiga mchi kwenye sufuria, na Mwalimu na Mzee Soli wakajikuta wamekumbatiana, wakaachiana haraka. Muuza bucha akambusu Bibi Sindano mikono yote miwili, akaahidi maini kwa nyumba nzima, akakimbia mbele mbele, si kiubavu tena.

Nikafuta kipara kwa tai. Nilikuwa nacheka bado nilipoona kwamba binti hajacheka. Alikuwa anamfuta mama yake jasho shingoni.

"Umeona, mama? Umelowa. Hiki ndicho ninachokisema."

"Nimekiona, mwanangu."

"Kwangu hutagusa kitu. Utapikiwa, utakaa, wajukuu watakuzunguka. Hakuna mtu wa kukupigia kelele, hakuna wa kukukosoa mbele za watu kama huyu mzee."

"Samahani, mwanangu," akasema Mzee Soli, "lakini ulikuwa umepinda."

"Mzee, tafadhali! Huyu ni mama yangu. Amefanya kazi miaka hamsini ili nisome. Sasa ni zamu yake kukaa, na zamu yangu kumtunza. Kuna ubaya gani?" Sauti ikamkatika, na macho yakaanza kujaa tena. Sote tukatazama chini. Mimi nilitazama zaidi, maana nilijua sanduku liko chini ya kitanda na linafungika kwa kamba moja tu.

Bibi Sindano akatoa leso kifuani, akaikunjua, akamkabidhi.

"Lia tu, mama, lia; ukimaliza, nisikilize. Nilipokuja kwako likizo iliyopita nilikushonea pazia la sebuleni. Upande mmoja niliukosea, ukawa mfupi kiganja kizima. Nikanyamaza nione nani atasema. Mkalitundika, mkanipigia makofi, wewe na mumeo na watoto. Mimi nitahamia kwako siku mtakayonirudishia lile pazia nilifumue."